Kinga Yake Haijashuka

"Shikamoo daktari, tumpe nini cha kupandisha kinga?" Nimeulizwa wodini, nimeulizwa msibani, nimeulizwa ndani ya basi la Tabora, na juzi swali limenifuata tena kwa simu kutoka Inyonga, likiambatana na picha ya majibu ya maabara. Safari hii najibu kwa maandishi. Mgonjwa aliyezidiwa na nimonia ya virusi, anayehema kwa mabega na kushindwa kumaliza sentensi, hasumbuliwi na kinga iliyolala. Kinga yake iko macho kuliko ya nyinyi nyote mliosimama pembeni ya kitanda, na sehemu kubwa ya balaa inatokana na hapo.

Nianze na ile picha, kwa sababu ndiyo inayowapeleka watu sokoni kutafuta tangawizi. Ni kipimo cha FBP, yaani hesabu ya chembe za damu. Kwenye mstari wa limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe za kinga, kuna herufi L, yaani ziko chini ya kiwango, na ndugu wakiona L wanahitimisha kwamba kinga imekwisha. Limfosaiti zimepungua kwenye damu, ni kweli. Lakini nyingi zimehama kwenda kwenye mapafu, na nyingine zimekufa baada ya kuchochewa kupita uwezo wake. Watafiti wa UVIKO-19 walipozichunguza zile zilizobaki, mwaka 2020, waliona limfosaiti T za wagonjwa mahututi zimejaa alama za seli iliyoamshwa, hasa zile zinazoitwa CD38 na HLA-DR. Alama hizohizo zilikuwa zimeshaonekana kwa wagonjwa wa mafua makali miaka ya nyuma. Halafu tazama tena karatasi yako: mstari wa nutrofili, chembe nyeupe za aina nyingine, mara nyingi una herufi H, ziko juu. Juu ya mstari huo sijawahi kuulizwa na ndugu hata mmoja.

Kinachoharibika zaidi ni wakati. Seli ya kwanza kuvamiwa na virusi inatakiwa ipige yowe, na yowe hilo ni kemikali iitwayo interferoni. Virusi vya corona na vya mafua vina ujanja wa kulizima. Yowe likichelewa, mwizi anajipatia siku kadhaa za kuzaliana kimyakimya. Kisha sungusungu wa kata nzima wanafika kwa pamoja, usiku, kila mtu na rungu lake, na wanaoumia ni wenye nyumba. Seli za kinga ziitwazo makrofaji zinamwaga kemikali ya interleukini 6 na wenzake, nutrofili zinamwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha tishu, kuta za mishipa midogo zinavuja, na vifuko vya hewa vinajaa maji. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa UVIKO-19 walizidiwa kuanzia wiki ya pili, wakati virusi kwenye koo vilikuwa vimeshaanza kupungua. Familia ilikuwa inasema "alikuwa anaendelea vizuri kabisa."

Mwenye kubisha namletea jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililotoa matokeo yake Juni 2020. Wagonjwa wa UVIKO-19 zaidi ya 2,000 walipewa deksamethasoni, dawa ya bei ya chini inayotuliza kinga, miligramu 6 kwa siku, wakalinganishwa na zaidi ya 4,000 waliopata huduma ya kawaida. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo ndani ya siku 28 vilishuka kutoka asilimia 41 hadi 29. Kwa waliokuwa wanapewa oksijeni bila mashine hiyo, kutoka asilimia 26 hadi 23. Soma tena: dawa ya *kushusha* kinga iliokoa maisha. Sasa wewe uliyekuja wodini na chupa ya "kupandisha", nieleze unapandisha kitu gani.

Upande wa pili nao ulijaribiwa. Shirika la Afya Duniani, katika jaribio la Solidarity lililofanyika nchi 30, liliwapa interferoni yenyewe wagonjwa zaidi ya 2,000 waliokuwa wamelazwa. Hiyo si tangawizi, ni kiamsha kinga halisi kutoka kiwandani, chenye kipimo. Vifo havikupungua. Yowe lililopigwa baada ya sungusungu kujaa uani halina faida. Kwa hiyo mshukuruni Mungu kwamba mchanganyiko wa tangawizi, vitunguu saumu, limau na mwarobaini haufanyi kazi mnayoinadi. Kama kweli ungekuwa unaamsha seli za kinga kwa nguvu hiyo, ningeupiga marufuku wodini kabla ya sigara.

Nitaambiwa kuna tafiti. Zipo, za kwenye vichupa vya maabara. Hata sabuni ya kufulia inaua virusi kwenye kichupa. Nitaambiwa pia kwamba mwaka 2020 na 2021 nchi nzima ilijifukiza na watu wakapona. Wengi wangepona hata wangekaa wanacheza bao, kwa sababu UVIKO-19 haukuwa mkali kwa walio wengi, na waliokufa hawapo wa kuja kutoa ushuhuda wa mvuke. Hewa ya moto ikipita puani na kooni inapoa, ikifika ndani kabisa ya pafu iko karibu na joto la mwili. Kuua virusi kwa joto kunahitaji nyuzi kama 56 kwa dakika nyingi, na pafu la nyuzi 56 ni nyama iliyoiva. Ukijifukiza pua ikafunguka, sawa, nimefurahi. Ukimfunika blanketi mzee ambaye oksijeni yake ni asilimia 84, umemwongezea joto na hofu, na umemwondolea saa moja aliyokuwa anaihitaji barabarani.

Kuna watu wenye pengo la kweli kwenye kinga, sikatai. Mwenye VVU asiyetumia dawa, mtoto mwenye utapiamlo, mwenye kisukari kilichoachwa hovyo. Kila mmoja ana tiba yake yenye jina, na hakuna hata moja iitwayo "kinga" kwa ujumla. Utafiti mmoja wa mwaka 2020 uliwapima wagonjwa 987 wa UVIKO-19 uliotishia maisha, na 101 kati yao walikutwa na kingamwili zinazoshambulia interferoni zao wenyewe. Mwili ulikuwa umetengeneza silaha dhidi ya yowe lake. Mtu wa namna hiyo ukimwambia apandishe kinga, apandishe ipi?

Na sisi wa mkoa wa Katavi tuna mfano wa karibu zaidi kuliko corona. Surua iliyowapiga watoto wa Mpimbwe mwishoni mwa 2022 na kuingia 2023 huambukiza kwa njia ya hewa, na duniani watoto wengi wanaokufa kwa surua huondoka na nimonia. Kirusi chake kinaingia ndani ya limfosaiti za kumbukumbu na kuziangamiza. Watafiti waliopima watoto wasiochanjwa kabla na baada ya surua, mwaka 2019, walikuta wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto anapona vipele, kisha miezi inayofuata anaanguka kwa vijidudu ambavyo mwili wake ulishavijua. Hakuna mzizi wa msitu wowote, kuanzia Mlele hadi Karema, unaorudisha kumbukumbu hiyo. Kilichoweza kuizuia hasara hiyo ni sindano mbili za chanjo, miezi 9 na miezi 18, zinazotolewa bure.

Kabla sijamaliza, wajanja. Mtakaosoma habari ya deksamethasoni hapo juu na kwenda nayo duka la dawa kwa ajili ya mafua ya siku mbili, irudieni aya hiyo: waliookolewa walikuwa kwenye mashine au oksijeni. Kwa wagonjwa wa RECOVERY ambao hawakuhitaji oksijeni, dawa hiyo haikuleta faida, na takwimu zao ziliegemea upande wa madhara. Siku za mwanzo ndizo kinga inapokuwa na kazi yake halali ya kupunguza virusi, na wewe unaifunga mikono. Hapo hapo unapandisha sukari ya mwenye kisukari asiyejijua.

Ya kufanya, haraka haraka. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kikisoma chini ya 90, hiyo ni oksijeni sasa hivi. 90 hadi 93 kwa mtu mzima mwenye kikohozi na homa, anza safari ya hospitali mchana, usisubiri giza, hasa kama unatokea Mishamo au Karema. Kifaa hakipo? Hesabu pumzi dakika nzima: mtoto wa chini ya miezi 2 zikifika 60, wa miezi 2 hadi 11 zikifika 50, wa mwaka 1 hadi 5 zikifika 40, mpeleke kituoni. Kifua kinachobonyea, midomo ya bluu, usingizi usioamshika, kushindwa kunywa au kunyonya: usihesabu chochote, ondoka. Mtu mzima anayepewa oksijeni na aliye na akili timamu alale kifudifudi kwa saa kadhaa kama anaweza. Antibiotiki ni kwa bakteria, tutaamua sisi. Mwenye surua apewe vitamini A siku mbili mfululizo, kipimo kwa umri. Asali ya Inyonga inatuliza kikohozi, ila mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe kabisa. Na msimnyweshe mgonjwa kwa nguvu: anayehema mara 40 kwa dakika hamezi vizuri, na kikombe cha tangawizi kikipita njia ya hewa tutakuwa tunatibu nimonia mbili.