Thimlich Ohinga: Kuta za Migori zilizosimama bila chokaa

Sisi watu wa Pwani tumezoea magofu. Mtoto wa Mombasa hupelekwa Fort Jesus na darasa lake, na wa Malindi hupelekwa Gede. Kuta za kwetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Kwa hivyo mtu wa Pwani akifika Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, kinachomshangaza kwanza ni kwamba baina ya jiwe na jiwe hamna kitu, si chokaa wala udongo.

Mahali hapa pako kilomita 46 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, katika nchi ya wakulima na wafugaji. Jina ni la Kijaluo: ohinga ni boma la mawe, na thimlich ni msitu mnene wa kutisha. Maboma makubwa ni manne, na kubwa kuliko yote ni Kochieng'. Kuta zina urefu wa mita 1.5 hadi 4.5 na unene wa mita 1 hadi 3. Inaaminika zilianza kujengwa karne ya 16.

Zinasimamaje? Siri ni mpangilio. Mafundi walijenga uso wa nje na uso wa ndani kwa mawe yanayoshikana, kisha wakajaza mawe madogo katikati. Palipohitaji nguvu zaidi, wakaongeza mawe ya kuegemeza. Milango ni mifupi na myembamba, lazima uiname ili upite. Adui aliyeingia ameinama alikuwa mikononi mwa walinzi kabla hajanyanyua kichwa. Ndani utaona alama za nyumba na mazizi ya mifugo.

Walioishi humu hawakuwa ukoo mmoja. Hawa wakihama, wale walikuja, wakatengeneza kuta na kuziongeza, hadi karne ya 20. Kuta zilidumu kwa sababu jiwe lililoanguka lilirudishwa na wenyewe. Maboma yalipohamwa, miti na magugu yakaanza kuzisukuma. Mwaka 2000 World Monuments Fund iliyaweka maboma haya katika orodha ya turathi 100 zilizo hatarini. Ukarabati ukafuata, na mwaka 2018 UNESCO ikayatangaza kuwa urithi wa dunia.

Kwa hivyo ukienda, usipande ukutani kupiga picha, wala usiondoke na jiwe la ukumbusho. Jiwe moja likitoka, yaliyo juu yake hayana cha kuyashika. Tembea na mwongoza wageni wa pale, na umuulize jiwe linavyochaguliwa na linavyolazwa. Chokaa tunaweza kuchoma nyingine hata kesho, lakini wanaojua kupanga mawe haya wakiisha, kuta hizi hazitakuwa na wa kuzirudisha.