Dumu la Dawa Halirudi Jikoni: Sumu za Shambani Zinazolala Nawe Chumba Kimoja

Leo tuache kidogo bei ya nyanya na habari za kantangaze. Nataka tuingie ndani kwako. Ndiyo, ndani kabisa, pale unapolala na unapopikia.

Najua maisha ya kijana anayelima kibiashara yalivyo. Umekodi ekari mbili Ilula au Ruaha Mbuyuni, umepanga chumba kimoja karibu na shamba, na chumba hicho ndicho stoo, jiko na kitanda. Mbolea iko kona ile, bomba la kupulizia limening'inia nyuma ya mlango, na dawa ziko chini ya kitanda kwa sababu ukiziacha shambani zinaibiwa. Sikulaumu, dawa ni pesa. Lakini katika chumba hicho hicho kuna dumu la mafuta ya kula, kuna ndoo ya maji ya kunywa, na wengine mna mke na mtoto anayetambaa.

Tatizo la kwanza liko kwenye jina. Sisi tunaita vitu hivi "dawa". Dawa ya nyanya, dawa ya panya, dawa ya mahindi. Mtoto akiumwa tumbo tunampa dawa, na bamia zikiwa na wadudu tunazipa dawa. Neno moja. Mtaalamu anasema "kiuatilifu", ila dukani hakuna anayelitumia. Mimi nashauri nyumbani kwako, hasa mbele ya watoto, uite sumu. Inasikika vibaya, na ndivyo inavyotakiwa isikike.

Dumu limeoshwa mara ngapi?

Nikipita mashambani, kitu ninachokiona zaidi ni madumu na makopo ya dawa yaliyopewa kazi ya pili. Lita tano limekuwa la mafuta ya taa, lita moja limekuwa la maji ya kunywa shambani, kopo dogo limekuwa la chumvi. Ukiuliza, jibu ni moja: "Bwana shamba, nimeliosha kwa sabuni ya unga na maji ya moto, halina hata harufu."

Tuelewane kwa nini hilo halitoshi. Dawa nyingi za maji ambazo zikichanganywa zinageuka nyeupe kama maziwa zimeyeyushwa kwenye kiyeyushi cha jamii ya mafuta. Kiyeyushi hicho kinapokaa miezi ndani ya plastiki, sehemu yake inazama kwenye plastiki yenyewe, haibaki juu tu. Unaposugua unaondoa iliyo juu. Iliyozama inatoka taratibu baadaye, na inatoka haraka zaidi ukiweka kitu chenye mafuta. Kwa hiyo dumu lililoonekana safi kwenye maji linaweza kuachia sumu kwenye alizeti.

Kuna mahali jambo hili lilionekana kwa namna ya kuumiza sana. Julai 16, 2013, katika shule ya msingi ya kijiji cha Dharmasati Gandaman, jimbo la Bihar nchini India, watoto walipewa chakula cha mchana: wali na mboga ya viazi na soya. Watoto 23 walikufa. Maabara ilikuta sumu iitwayo monokrotofosi kwenye mafuta ya kupikia na kwenye mabaki ya chakula. Hiyo ni dawa ya wadudu wa mashambani. Maofisa walieleza kwamba mafuta yalikuwa yamehifadhiwa kwenye chombo kilichowahi kuwa na dawa hiyo. Mpishi alikuwa ameona kwamba mafuta hayapo sawa, akasema, lakini upishi ukaendelea.

Sasa wengine mtaniambia, "Mbona mnatufundisha kusuuza mara tatu?" Swali zuri. Kusuuza mara tatu ni kwa ajili ya kulitupa dumu, si kulitumia. Dawa ikiisha, weka maji safi kama robo ya chombo, funga, tikisa nusu dakika, mimina ndani ya bomba unalopulizia siku hiyo hiyo. Rudia mara tatu. Unapata faida mbili: hupotezi dawa uliyoinunua kwa hela yako, na chombo hakiendi na sumu nyingi kwenye udongo au mtoni. Baada ya hapo kitoboe kitako na ubavuni kwa msumari. Dumu lenye matundu hakuna mtu ataliomba.

Usiyachome nyuma ya nyumba. Moshi wa plastiki yenye dawa ni sumu nyingine, na unaingia ndani kwa jirani. Yakusanye kwenye kiroba kimoja, kifunge, kisha muulize afisa kilimo wa kata au muuzaji wako wa pembejeo yanapokusanywa. Mkiwa kikundi ni rahisi zaidi, kiroba kimoja kwa msimu mzima kinabebwa kwa pikipiki.

Na hii ya kupimiwa dawa dukani ndani ya chupa ya maji ya kunywa, jamani, tuache. Naelewa lita nzima ni ghali na wewe unahitaji mililita mia. Lakini ile chupa haina lebo, haina kipimo, haina kifuniko cha kumzuia mtoto, na dawa nyeupe ndani yake inafanana na maziwa au togwa. Kama mtaji ni mdogo, tafuteni pakiti ndogo zilizofungwa kiwandani, au mchange watatu mnunue lita moja inayobaki kwenye chupa yake kwa mmoja wenu mwenye pa kuifungia.

Mbegu iliyobaki si chakula cha kuku

Umenunua mahindi ya mbegu kilo kumi, umepanda nane. Zilizobaki zina rangi, nyekundu au kijani au buluu. Rangi hiyo imewekwa makusudi ili mtu ajue zimepakwa sumu ya wadudu na ukungu. Bado kuna wanaoziosha, rangi ikatoka, wakazipeleka mashineni au wakawamwagia kuku.

Iraki walilipa bei kubwa kwa jambo hilo. Mwaka 1971 nchi ile iliagiza ngano na shayiri za mbegu zilizopakwa dawa ya ukungu yenye zebaki. Zilikuwa na rangi ya waridi, na magunia yalikuwa na onyo, lakini kwa Kihispania na Kiingereza. Mahali pengi mbegu zilifika watu wameshapanda. Familia zikasaga, zikapika mikate. Wengine waliziosha, wakaona rangi imetoka, wakaamini na sumu imetoka. Wengine walikuwa waangalifu zaidi: waliwapa kuku kwanza, siku chache zikapita, kuku wazima, basi nao wakala. Zebaki ya aina ile haina haraka, dalili huchukua wiki kadhaa kuonekana. Waliolazwa hospitali walikuwa 6,530 na waliofia humo walikuwa 459.

Mbegu za siku hizi hazipakwi zebaki, zina sumu nyingine. Lakini jaribio la kuku ni lile lile na halithibitishi kitu. Mbegu ikibaki, ifunge kwenye mfuko wake, andika tarehe, iweke juu pakavu kwa msimu ujao, au mpe jirani apande.

Vidonge vya mahindi

Hapa nikae kidogo, maana ndipo ninapoogopa kuliko pote.

Ukivuna mahindi au maharage ukasubiri bei ipande, adui yako ni fukusi na dumuzi, yule wengine mnamwita skania. Dukani utauziwa vidonge vya kijivu, vichache, pengine vimefungwa kwenye karatasi. Unaambiwa weka kimoja au viwili kwenye gunia, funga. Kidonge hicho kikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosifini. Kidonge cha gramu 3 kinatoa gramu 1 ya gesi. Gesi hiyo ndiyo inayoua mdudu, na haichagui kati ya mdudu na wewe.

Gunia la salfeti halizuii gesi, linapitisha kama chandarua. Kwa hiyo ukiweka vidonge kwenye magunia manane ndani ya chumba unacholala, umejifukizia mwenyewe. Hata ukilala chumba cha pili, gesi inapita juu ya ukuta usiofika darini na kwenye nyufa. Dalili zake zinadanganya: kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, kifua kubana, kizunguzungu. Mtu anadhani ni malaria au chakula kibaya, anarudi kulala mle mle. Na fosifini haina dawa ya kuifuta mwilini, hospitali watakusaidia kupumua na kuulinda moyo tu. Watoto ndio wanaotangulia.

Ufukizaji ni kazi ya ghala linalojitegemea, chini ya turubai lisilopitisha hewa, na mtu aliyefundishwa. Na ukikuta vidonge vya zamani ndani usivimwagie maji kuviharibu, maji yanaharakisha gesi na vinaweza kuwaka moto.

Njia ya nyumbani ipo na ni rahisi: mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani na mfuko wa kawaida nje. Wadudu waliomo wanamaliza oksijeni wanakufa, hakuna kemikali hata chembe. Mfuko mmoja ni ghali kuliko salfeti, kweli, ila unatumika zaidi ya msimu mmoja usipotoboka. Sharti lake ni mahindi kukauka hadi unyevu wa asilimia 13. Huna kipimo? Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani.

Panya na kunguni

Oktoba 2024, huko Naledi, Soweto, Afrika Kusini, watoto 6 walikufa baada ya kula vitafunwa. Mwezi uliofuata Rais Cyril Ramaphosa alitangaza kwamba kilichowaua ni terbufosi. Hiyo si dawa ya panya iliyosajiliwa kwa nyumba, ni kiuatilifu cha shambani ambacho watu huuziana mitaani kwa ajili ya panya.

Hadithi hiyo si ya mbali. Sokoni kwetu kuna mtu ana meza, ana vipakiti visivyo na jina, anakuambia "panya hamalizi dakika tano". Sumu inayoua panya dakika tano inamwua na mtoto. Tumia mtego, ziba matundu, inua magunia kwenye chaga, fuga paka. Ukilazimika kununua sumu, nunua yenye lebo na namba ya usajili wa TPHPA, na uiweke ndani ya boksi lenye tundu dogo, si kwenye sahani sakafuni.

Kunguni nao wamewafanya vijana wengi wapulizie godoro dawa ya nyanya. Godoro linainyonya, na wewe unalala juu yake saa nane kila usiku ukiwa na jasho. Maji yanayochemka kwenye chaga za kitanda, godoro juani mchana kutwa, kuziba nyufa za ukuta, na kurudia kila wiki kwa mwezi mzima. Inachosha, lakini inafanya kazi.

Upande wa biashara

Wewe unayelenga parachichi au maharage machanga ya kuuza nje, sikiliza. Mkaguzi wa GLOBALG.A.P. hatakuuliza tu ulipulizia nini. Ataomba aone stoo ya dawa yenye kufuli, na atataka kujua madumu matupu yako wapi. "Chini ya kitanda" si jibu. Ulaya, kwa dawa isiyowekewa kiwango chake maalumu, mabaki yanayoruhusiwa ni miligramu 0.01 kwa kilo, yaani gramu 1 ndani ya tani 100. Kreti iliyolala usiku mmoja chini ya dumu linalovuja inatosha kukurudishia mzigo.

Stoo si lazima iwe nyumba. Sanduku la mbao au la bati lenye kufuli, nje ya chumba, kivulini, juu mtoto asipofika, linatosha kwa ekari zako mbili. Dawa za unga juu na za maji chini, ili ikivuja isiharibu nyingine. Humo humo weka glavu, kipimio chako na nguo za kupulizia, ambazo hufuliwa peke yake, si pamoja na nepi za mtoto.

Na likitokea la kutokea: mtoe mtu kwenye dawa, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni. Usimtapishe kwa nguvu, hasa kama amekunywa mafuta ya taa au dawa ya maji, maana inaweza kuingia kwenye mapafu. Maziwa hayaondoi sumu, msipoteze muda kutafuta ng'ombe. Akipoteza fahamu mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na mbebe lebo. Mate mengi, jasho, mboni za macho kuwa ndogo na misuli kucheza ni dalili ambazo daktari ana sindano yake, lakini anahitaji kujua ni sumu gani. Kwa hiyo leo jioni chukua simu, piga picha lebo ya kila dawa uliyonayo, mahali palipoandikwa jina la sumu yenyewe kwa herufi ndogo, si lile jina kubwa la biashara. Kisha itume na kwenye simu ya mtu unayeishi naye, maana siku hiyo anayeumwa anaweza kuwa wewe.