Mtafiti na msimamizi wake wapange kazi kabla ya mvua

MWANAFUNZI wa uzamili anayechunguza mabwawa ya mchanga katika Kaunti za Kitui na Makueni hana mwaka mzima wa kukusanya data. Mabwawa hayo huzuia mchanga unaobebwa na mafuriko, na maji hujihifadhi kati ya chembe zake, mbali na jua kali. Lakini mito kama Kalundu na Kaiti ni ya msimu, na mvua inayotegemewa zaidi Ukambani ni ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Akiikosa, huenda akasubiri mwaka mwingine na karo nyingine.

Mara nyingi kinachomponza si uvivu, bali ni kutopatana na msimamizi wa tasnifu kuhusu wakati.

Tuhesabu tukirudi nyuma. Vipimo vianze Oktoba. Kabla ya hapo sharti awe na kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI), kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013. Kabla ya kibali, chuo kiidhinishe pendekezo la utafiti. Na kabla ya chuo, msimamizi aridhike nalo. Rasimu inayomfikia Agosti imechelewa, hata iwe nzuri vipi.

Basi amwendee Februari, akiwa na ratiba mkononi. Mhadhiri ana madarasa na mitihani ya kusahihisha. Asipoelezwa habari za mvua, hataziotea. Si utovu wa adabu kuuliza: “Daktari, nitarajie maoni yako lini?” Utovu wa adabu ni kumtumia kurasa 60 usiku wa kuamkia kikao.

Baada ya kila kikao, mwanafunzi aandike waliyoafikiana na kumpelekea siku iyo hiyo. Maandishi hayo hufaa hasa wasimamizi wanapokuwa wawili, mmoja akitaka vipimo vya mchanga, mwenzake akishikilia hojaji kwa wanakijiji. Asimtii kila mmoja kisirisiri, awaombe wakutane. Wapo pia wasimamizi wanaonyamaza kwa wiki nyingi. Huyo akumbushwe kwa maandishi, na asipojibu, mwenyekiti wa idara aarifiwe kwa heshima.

Huko nyanjani nako asipotee. Vipimo vya wiki ya kwanza vimfikie msimamizi upesi, kwani bomba la kupimia lililozikwa vibaya hurekebishika mvua ikiendelea. Kosa likigunduliwa Januari, hakuna tena maji yanayoingia mchangani ya kupimwa.