Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Jioni moja nilikuwa nimeketi barazani karibu na Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, nikinywa kahawa chungu pamoja na wauzaji wa vikoi, vinyago na viungo. Mazungumzo yalikuwa yale yale: ada zimepanda, na wenye kutoza hawasikii. Nikauliza ni nani kati yao aliyepeleka maoni kabla ya ada hizo kupitishwa. Wakatazamana. Mzee mmoja akanijibu, "Mwanangu, mtu mmoja akisema, nani atamjali?"

Waama, hapo ndipo penye ugonjwa. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inalitaka bunge la kaunti liidhinishe mswada wa fedha, ambao ndio wenye ada, katika muda wa siku 90 baada ya kupitisha mswada wa matumizi ya fedha. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 196, inaliamuru bunge hilo liwashirikishe wananchi. Basi mlango upo kila mwaka. Lakini muuza viungo hawezi kufunga duka ili asome mswada mzima. Chama kinaweza: humteua mmoja asome, hukusanya hesabu za wanachama wote, kisha hupeleka hoja moja yenye tarakimu.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1965 vyama vya wafanyabiashara vilivyokuwa vimegawanyika kwa misingi ya rangi viliungana kuwa Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Wenye Viwanda. Katikati ya miaka ya 2000, wachuuzi wa mitaani nao waliunda muungano wao, KENASVIT, na Mombasa ikawamo. Mwaka 2019, serikali ilipoagiza makontena yasafirishwe kwa reli, wakazi wa Mombasa, madereva na mawakala wa forodha wakiwemo, waliandamana kila Jumatatu. Mwezi wa Oktoba waziri akatangaza kulisimamisha agizo hilo. Dereva mmoja asingalifika popote.

Hata hivyo, umoja unaozaliwa na hasira aghalabu hufa hasira zinapopoa. Chama cha kweli hujengwa wakati wa shwari, kwa ada ndogo inayolipwa kila mwezi, kwa mikutano, na kwa daftari la hesabu ambalo kila mwanachama ana haki ya kulifungua. Pasipo daftari hilo, chama hugeuka ngazi ya mtu kupandia siasa, na wanachama hubaki chini wakiishikilia.

Nilimwambia mzee yule kwamba wenye maduka wa mtaa mmoja wakitia sahihi barua moja, hataulizwa tena yeye ni nani. Alicheka, akaniagizia kahawa nyingine, kisha akamwita jirani yake wa mkabala. Natumai walilizungumza hilo.