MASHUA KUUKUU NA MAHALI PASIPOONEKANA

Mtu atokaye Mtopanga, huko Kisauni, akashika njia ya ufuoni Bamburi, hukuta ngalawa na mashua zilizokwisha kufanya kazi miaka mingi. Mwenye mashua kuukuu hujivunia tanga jipya na rangi nzuri ubavuni, na ni haki yake. Lakini tanga likipasuka hushonwa. Mlingoti ukianguka nje ya mwamba, huweza kumponda baharia au kuwaacha watu majini. Na mara nyingi kosa si la mti wenyewe, bali ni la pale uliposhikwa.

Yafaa kwanza kufahamu jinsi nguvu ya upepo inavyosafiri chomboni. Upepo husukuma tanga, tanga huvuta foromali, na foromali imetundikwa kwa henza ipitayo katika kapi karibu na kilele cha mlingoti. Basi mlingoti huwa kama mtaimbo mrefu, ambao msukumo mdogo wa juu huwa mkubwa sana chini.

Nguvu hiyo hupokewa mahali patatu. Kwanza ni mwashiri, yaani gogo lililo juu ya mkuku ambamo tako la mlingoti hukaa. Pili ni boriti ipitayo kutoka ubavu hata ubavu, ambayo mlingoti hufungwa kwayo. Tatu ni vishikizo vya ubavuni, zinapofungwa kamba za kuuzuia mlingoti. Jarari nayo, ikiisha kupandisha tanga, hufungwa nyuma na kusaidia kuuzuia mlingoti usilale mbele. Kwa hiyo kishikizo cha jarari kikilegea, si tanga tu litakaloshuka.

Mahali hapo pana maadui wawili. Wa kwanza ni maji ya mvua. Maji ya chumvi hayaozeshi mti upesi kama maji matamu yanayotuama katika tundu la mwashiri. Wa pili ni kutu. Bolti huonekana nzima kichwani, kumbe ndani ya mbao, penye unyevu, imeliwa hata ikawa nyembamba. Mbao iliyoizunguka hulainika, tundu hupanuka, na bolti huanza kucheza. Na mtu akitia shaba na chuma pamoja, maji ya bahari hukila chuma upesi zaidi.

Wakati wa kukagua ni Aprili, kaskazi inapokwisha na kabla kusi haijapata nguvu. Chombo hupandishwa pwani kwa maji ya bamvua, kikategemezwa kwa magadi, na mlingoti ukang'olewa. Fundi huchoma mwashiri na boriti kwa ncha ya kisu. Ikizama bila taabu, mti umeoza. Hugonga kwa nyundo, maana mti mzima hulia na mti uliooza hujibu kwa sauti nzito. Hutazama michirizi myekundu chini ya bolti, na nyufa zinazoanzia tunduni. Kisha hung'oa bolti moja au mbili, kwa kuwa kichwa cha bolti hakisemi kweli daima. Kamba nazo hazisahauliwi: ya makumbi huoza ikikaa na maji ya mvua, na ya nailoni hudhoofishwa na jua.

Palipooza hapazibwi kwa rangi. Hukatwa hata ufikiwe mti mzima, ikatiwa mbao mpya, na tundu jipya likatobolewa mbali na lile la zamani. Kwa ndani hutiwa kibao kipana, ili mvuto ugawanyike katika mataruma kadha wala usiwe juu ya mbao moja. Mwisho, njia ya kutolea maji katika mwashiri husafishwa.

Wazee husema, chombo cha kuzama hakina usukani. Maneno hayo huwafariji waliofiwa, lakini hayamwondolei mwenye mashua wajibu wake. Vijana wanaopanda alfajiri kwenda kuvua hawana nafasi ya kuchungulia mwashiri. Wao humwamini aliyewaita kazini. Chombo kikuukuu hutoa dalili miezi mingi kabla ya kuvunjika, na kazi ya siku mbili pwani, kwa kisu na nyundo, yatosha kuzisoma.