Mguu Mmoja Hewani

Mwaka 1954 mchezaji wa besiboli wa kulipwa, Hiroshi Arakawa, alikuwa akitembea kando ya mto Sumida jijini Tokyo alipokuta vijana wanacheza. Mmoja wao alimshangaza. Mpira aliurusha kwa mkono wa kushoto, lakini akishika gongo (la kupigia, si la kunywa) alisimama kama wanaotumia mkono wa kulia. Arakawa akamshauri ageuke, ajaribu kushoto. Kijana akageuka, akauchapa mpira ukaenda mbali. Aliitwa Sadaharu Oh.

Mwaka 1959 Oh alijiunga na Yomiuri Giants, klabu kubwa ya Japani, na mambo yakamwendea kombo. Mara zake 26 za kwanza kupiga hakuambulia kitu. Msimu ulipoisha alikuwa na homurani 7 tu, yaani mipira iliyopigwa ikavuka uzio. Kwa kuwa jina Oh huandikwa kwa herufi yenye maana ya mfalme, mashabiki walimwimbia kuwa ni mfalme wa kupiga hewa.

Kupiga hewa katika mchezo huu si ajabu. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mpira wa kasi ya kilomita 150 kwa saa humfikia kwa chini ya nusu sekunde. Watoto nao hawana nafuu. Katika uwanja ambao mrushaji husimama mita 14 tu kutoka kwa mpigaji, kama ule waliochezea vijana wa Lugazi, Uganda, walipokwenda Marekani mwaka 2012 kwenye mashindano ya dunia ya watoto, mpira wa kilomita 110 kwa saa hufika kwa muda karibu uleule. Ndani ya muda huo mtoto auone, aamue, azungushe gongo.

Ndiyo maana kosa dogo la mikono humgharimu mpigaji. Arakawa alipoletwa Giants kuwa kocha wa upigaji mwaka 1962, aliliona kosa la Oh: mrushaji akishaanza kurusha, kijana huyu bado anairudisha mikono nyuma kujiandaa. Alikuwa amechelewa kabla hata hajaanza.

Kocha mwingine angempigia kelele kuhusu mikono. Arakawa alikwenda miguuni. Alimwambia Oh anyanyue mguu wa mbele na kusimama kwa mmoja, kama heroe ziwani, akiungoja mpira. Aliyesimama hivyo hana nafasi ya kuhangaika na mikono. Akitikisika kidogo tu anayumba. Uzito hubaki nyuma, na mguu ukishakanyaga chini, nyonga huanza kugeuka, kiwiliwili kikafuata, gongo likaja mwisho. Nguvu ya pigo hupanda kutoka ardhini; mikono huipokea tu.

Wengi hudhani mtoto akipewa gongo zito atapiga mbali zaidi. Likimshinda uzito, huburuta mikono, kosa lilelile la kuchelewa. Heri gongo jepesi, na mpira utulie juu ya kigingi kinachofika kiunoni, auone vizuri anapougonga. Kwanza nyonga, mbio za mpira baadaye.

Oh mwenyewe alijifunza hata bila mpira. Usiku, kwa Arakawa, kipande cha karatasi kilining'inizwa darini, naye akakikata kwa upanga wa samurai. Karatasi haikatiki kwa nguvu: makali yakienda upande kidogo, hupeperuka tu, na mpigaji hapo hapo ameliona kosa lake.

Mwaka huohuo wa 1962 alipiga homurani 38, kutoka 13 za mwaka uliotangulia. Tarehe 3 Septemba 1977 alifikisha 756, moja zaidi ya zile za Mmarekani Hank Aaron, na alipostaafu mwaka 1980 alikuwa na 868. Nyumbani kwa Arakawa, mikeka ya tatami ilikuwa imelika pale Oh alipokuwa akikanyagia.