Kuchagua mtaa wa kuishi London

Anayehamia London kwa mara ya kwanza huwa na swali moja mdomoni: pango ni pauni ngapi kwa mwezi? Akishajibiwa hufungua ramani, akatazama vitongoji vilivyo mbali na katikati ya jiji ambako bei hushuka, akachagua. Si wachache wanaofanya hivyo na kujikuta wakifunga tena mizigo kabla mkataba wa kwanza haujamalizika. Pango ni sehemu moja tu ya gharama ya mtaa. Mengine yanayoamua iwapo familia itaishi kwa utulivu hayamo katika tangazo la dalali.

Jiji hilo, lenye wakaazi wapatao milioni 8.8 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021, haliendeshwi na mamlaka moja. Tangu mwaka 1965 limegawanywa katika halmashauri 32, mbali na eneo kongwe la biashara liitwalo City of London. Meya anasimamia mabasi, treni na mipango mikubwa. Uzoaji wa taka, maombi ya nafasi za shule na nyumba za umma ni kazi ya halmashauri, na kila moja ina utaratibu wake. Mpaka wa halmashauri mbili waweza kupita katikati ya barabara, majirani wanaotazamana wakalipa viwango tofauti.

Malipo hayo ni kodi ya halmashauri, ambayo wengi huiita tu kansili taksi. Kwa kawaida hulipwa na mpangaji, wala si mwenye nyumba, isipokuwa pale nyumba inapokodishwa chumba kimoja kimoja. Nyumba hupangwa katika madaraja kuanzia A hadi H kwa kufuata thamani iliyokadiriwa kuwa nayo mwaka 1991. Katika mwaka wa fedha wa 2024/25, nyumba ya daraja D katika halmashauri ya Wandsworth ilitozwa chini ya pauni 1,000. Huko Croydon, kusini zaidi, ilitozwa zaidi ya pauni 2,300. Tofauti hiyo ina historia. Mwezi Novemba 2020 Croydon ilitangaza kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake, na mwaka 2023 ikapandisha kodi hiyo kwa karibu asilimia 15. Hata hivyo Wandsworth si mahali pa bei nafuu, kwani pango lake huwa juu, na ndiyo maana hesabu hizi mbili hazina budi kufanywa pamoja.

Jambo linalowakosesha wengi usingizi, tena kwa maana halisi ya neno hilo, ni safari ya kwenda kazini. Nauli ya treni hupangwa kwa kanda zilizozunguka katikati ya jiji kama pete, kuanzia kanda ya 1 hadi ya 6 na kuendelea, na kadiri mtu anavyoishi mbali ndivyo anavyolipa zaidi kuingia mjini. Nauli ya basi haibadiliki kwa umbali. Ramani mashuhuri ya treni za chini ya ardhi inapendeza macho, lakini haionyeshi umbali halisi: vituo viwili vinavyoonekana kutengana huenda vikawa mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kusini mwa mto Thames treni hizo ni chache, na wakaazi hutegemea zaidi treni za kawaida na mabasi.

Waafrika wengi jijini humo hufanya kazi za zamu: uuguzi, utunzaji wa wazee, ulinzi na usafi wa maofisi. Anayetakiwa kuwa kazini saa kumi na moja alfajiri hafaidiki sana na nyumba iliyo jirani na kituo cha treni za chini ya ardhi, kwa kuwa karibu saa hiyo ndipo treni hizo zinapoanza safari. Huduma ya usiku kucha iliyoanzishwa mwaka 2016 iko kwenye njia chache tu, tena usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Mtu wa namna hiyo anahitaji basi la usiku lipitalo karibu na mlango wake. Njia ya hakika ya kuupima mtaa ni kuisafiri safari yenyewe, siku ya kazi, kwa saa ileile ambayo mtu ataisafiri kila siku.

Kwa wenye watoto, shule hutangulia yote. Inadhaniwa kwamba kuishi ndani ya halmashauri fulani kunampa mtoto haki ya kuingia shule zake. Sivyo. Uamuzi wa mahakama wa mwaka 1989 uliohusu Greenwich ulizizuia halmashauri kumpendelea mtoto kwa sababu tu anaishi ndani ya mipaka yao. Kinachopimwa katika shule nyingi za serikali, baada ya makundi yenye kipaumbele, ni umbali kati ya nyumba na shule, na kwa shule inayogombewa huenda ukawa mita mia chache tu. Mwisho wa maombi ya sekondari ni tarehe 31 Oktoba, na ya shule za msingi tarehe 15 Januari. Familia inayohamia mwezi Novemba hukuta nafasi nzuri zimekwisha kuombwa.

Aidha, halmashauri nyingi hudai mtu awe ameishi kwao miaka kadhaa kabla ya kuandikishwa kwenye orodha ya nyumba za umma. Anayehama kwa pango dogo zaidi katika halmashauri jirani huenda akaipoteza miaka aliyokwisha kuihesabu. Wale ambao viza zao haziruhusu misaada ya umma hawamo katika orodha hiyo.

Suala la usalama lahitaji uangalifu. Polisi huchapisha ramani ya uhalifu mtaa kwa mtaa, nayo hutazamwa bure kwenye intaneti. Lakini Westminster, penye majumba ya kifahari, huonekana vibaya katika takwimu kwa sababu wageni wengi huibiwa huko. Aina ya makosa yafaa kutazamwa kuliko jumla yake.

Kuna pia suala la kuwa karibu na watu wa kwao. Waasia waliotoka Kenya na Uganda, hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972, walikaa kwa wingi Wembley na Harrow, ambako wazee bado huzungumza Kiswahili. Wakongo wengi wako Tottenham, na muhogo na ndizi mbichi hupatikana katika soko la Ridley Road, Dalston. Kwa mgeni, jirani anayemfahamisha jinsi ya kujiandikisha kwa daktari ana thamani kuliko punguzo la pauni 50.

Kwa hiyo anayepanga safari akiwa bado Muscat, Nairobi au Dar es Salaam ni heri atafute kwanza chumba cha muda mfupi, auzungukie mji, kisha achague. Asitume fedha kwa nyumba ambayo yeye au mtu anayemwamini hajaikanyaga. Tangu Juni 2019 sheria ya Uingereza hairuhusu malipo ya kushikilia nyumba kuzidi pango la wiki 1, wala, kwa nyumba nyingi, amana kuzidi wiki 5. Amana hiyo lazima iwekwe katika mpango wa hifadhi unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30.